Manati, Darubini na Ndege wa Msitu wa Rau

Mama mmoja wa Pasua, mjini Moshi, alituletea swali ambalo halikuweza kujibiwa kwa mistari miwili. Mwanawe ana umri wa miaka kumi. Akitoka madrasa siku za Jumamosi na Jumapili, yeye na wenzake huelekea upande wa mashamba ya mpunga na pembezoni mwa Msitu wa Rau, mifukoni wamejaza kokoto, shingoni wamening'iniza manati. Hurejea na ndege wawili watatu, wengine wamekwisha kufa, wengine wamevunjika mbawa. Mama anauliza: je, nyama hiyo ni halali? Na mchezo wenyewe una hukumu gani?

Swali la kwanza ni jepesi. Ndege aliyekufa kwa kishindo cha jiwe anaingia katika fungu la wanyama waliokufa kwa kupigwa, ambao Suratul Maida, aya ya 3, imewataja wazi miongoni mwa vilivyoharamishwa. Akiokotwa angali na uhai, akachinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, ni halali, maadamu si ndege wa kucha za kuwindia kama mwewe na bundi, wala si katika wale waliokatazwa kuuawa. Katika hadithi ya Ibn Abbas iliyomo ndani ya Sunan ya Abu Daud, viumbe wanne wametajwa kwa katazo hilo: chungu, nyuki, hudihudi na ndege aitwaye kwa Kiarabu surad, ambaye kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni wa jamii ya mbwigu. Mbwigu, yule mweusi na mweupe anayekaa juu ya nyaya za umeme akivizia panzi, ni jirani yetu wa kila siku hapa Moshi, na tunashuku kwamba amekwisha onja kokoto nyingi za watoto wetu.

Swali la pili nalo lina jibu la zamani. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa sahaba Abdullah bin Mughaffal kwamba alimwona mtu akirusha kokoto kwa vidole, akamkataza, akamweleza kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliukataza mchezo huo kwa kuwa haupati windo wala haumshindi adui, ila huvunja jino na kutoboa jicho. Alipomwona tena akirusha, sahaba huyo alikataa kusema naye. Wakati ule mpira wa manati haukuwapo, lakini jicho lilikuwapo, na jino lilikuwapo.

Tungeweza kukomea hapo, na mama angekuwa amejibiwa. Hata hivyo tuliona kwamba mtoto akinyang'anywa manati bila ya kupewa kitu kingine mkononi, atachonga nyingine kabla ya Adhuhuri. Mpera haukosekani Moshi. Ndiyo maana Jumamosi ya pili baada ya Idi el-Fitri tulikusanyika familia nne, watoto saba kwa jumla, mara baada ya sala ya Alfajiri, tukashika njia ya Rau. Kina mama wawili walikuwa katika funga ya Sita ya Shawwal, basi chupa ya chai na maandazi vikawa vya watoto. Tulikuwa na darubini mbili, moja ya kuazima, kamera moja yenye lenzi ndefu, simu kadhaa na daftari moja la shule. Mtoto wa Pasua alikuwapo pamoja na mama yake. Manati ilikuwapo pia, mfukoni mwa mwenyewe, hatukumtaka aitoe.

Msitu wa Rau uko kiasi cha kilomita tatu tu kutoka katikati ya mji, na ukubwa wake unakaribia hekta 570. Si msitu wa mlimani kama ule ulioko juu ya Marangu na Machame. Uko tambarare, nao unaishi kwa maji ya chini ya ardhi: mvua inayonyesha juu ya Kilimanjaro huzama katika miamba ya volkano, ikasafiri gizani, kisha ikaibuka huku chini kwa chemchemi. Kwa sababu hiyo miti yake husimama kijani hata katika miezi ambayo mji mzima umejaa vumbi. Mna mvule, mna mikuyu, na mna msoo, mti ambao duniani kote hauoti kwa asili isipokuwa Tanzania na Kenya, na ambao umewekwa katika orodha ya miti iliyo hatarini kutoweka. Msitu unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mgeni huingia kwa kibali, na ni vema kwenda na mwenyeji anayezijua njia. Mwenyeji wetu alikuwa mzee wa Kichagga. Watoto walimwamkia kwa pamoja, "Shikamoo babu," akaitikia, "Marahaba wajukuu zangu," kisha akawapa sharti moja: atakayepiga kelele amewafukuza ndege wa wenzake.

Nusu saa ya kwanza haikutuonyesha ndege hata mmoja. Tuliwasikia tu. Kwarara hijani walipita juu ya majani kwa ule mlio wao wa kulalamika, shore walikuwa wakibishana vichakani, na mahali fulani juu kabisa kitu kizito kilipiga mbawa kwa sauti kama ya mkeka unaokung'utwa. Watoto walianza kunong'ona kwamba wamedanganywa. Babu akawaambia waache kutembea. Mtu anayetembea msituni humwona ndege akiondoka. Anayesimama ndiye humwona akija. Tulisimama chini ya mkuyu mmoja uliozaa, na kwa kuwa miguu ilitulia, macho yakafunguka: kuzumburu walikuwa wamening'inia matawini kama vitambaa, chozi akapapatika mbele ya ua, mdiria mmoja alikuwa ameketi juu ya mfereji muda wote ule bila ya kuonekana na yeyote.

Tukawauliza watoto wayataje majina. Kunguru walimjua, njiwa walimjua, kanga na bundi pia. Wengine wote, kwao, walikuwa "ndege". Hili ndilo lililotushangaza zaidi asubuhi ile, kwa maana Kiswahili si maskini wa majina haya. Kina yangeyange anayefuata ng'ombe na trekta, kina keremkerem, kina mnana anayesuka kiota, kina msingwe, ambaye wengine humwita fundichuma, mjenzi wa kiota kikubwa kuliko kapu la soko kwa ndege ambaye mwenyewe hazidi kuku. Baba yetu Adam alifundishwa majina kabla ya kufundishwa kazi yoyote nyingine. Mtoto asiye na jina la kiumbe hana namna ya kukitofautisha na shabaha. Basi daftari likatolewa, na kila ndege akaandikwa kwa jina lake, rangi yake na alichokuwa akikifanya.

Kile kitu kizito cha juu kilikuwa hondohondo. Waliteremka wawili katika mkuyu, weusi, matumbo meupe, dume akiwa na lile pembe kubwa la rangi ya maziwa juu ya mdomo. Huchuma kuyu kwa ncha ya mdomo, akalirusha juu na kulidaka kooni, kama mzee anayekula karanga. Watoto walicheka mpaka babu akainua kidole. Akatuonyesha kwenye mti wa jirani tundu lililo juu sana, akasema humo ndimo wanamozaa.

Habari ya tundu hilo inastahili kuelezwa nyumbani kwa kila mzazi. Wakati wa kutaga ukifika, jike huingia ndani ya shimo la mti mkubwa, na mlango ukazibwa kwa udongo ambao dume huuleta kooni, vidonge kwa vidonge, mpaka ubaki ufa mwembamba tu. Jike hukaa gizani humo miezi mitatu na zaidi, akiatamia na kulea, na chakula chote hutoka kwa dume kupitia ule ufa. Mtaalamu Reginald Moreau na mkewe Winifred, waliokuwa wakiishi Amani katika Usambara Mashariki, waliwachunguza hondohondo hawa kwa miaka mingi na kuchapisha matokeo yao mwaka 1941. Walikadiria kuwa dume mmoja, katika siku zipatazo 120 za kulea, alileta matunda kiasi cha 24,000 katika safari 1,600. Mmoja wa akina baba tuliokuwa nao alikohoa kidogo aliposikia hesabu hiyo.

Sasa na ifikiriwe kokoto moja iliyomwangusha dume huyo. Aliyeirusha anaona ndege mmoja chini. Haoni jike aliyefungiwa wala kinda asiyejua kuruka. Ifikiriwe pia shoka: hondohondo hachimbi shimo lake mwenyewe, analikuta katika mti mzee uliooza ndani, na mti wa namna hiyo ndio ambao mpasua mbao na mchoma mkaa huutamani kwanza. Mti mchanga uliopandwa leo kuufidia utachukua miaka mingi kabla ya kumpa nyumba.

Yapata saa mbili na nusu tulisikia vurugu. Shore, chozi na ndege wengine wadogo walikuwa wameuzunguka msoo mmoja, wakipiga kelele kwa hasira. Babu akasema bila ya kutazama, "Wamemkamata bundi." Ndivyo wafanyavyo ndege wadogo: wakimgundua bundi mchana humzingira na kumtangaza, ili asipate kuvizia. Ilituchukua muda kumwona, kwa kuwa rangi yake ni rangi ya gome. Alikuwa ameketi karibu na shina, macho meusi yamefumbwa nusu, akiwavumilia.

Mmoja wa kina mama alisoma audhu na kumvuta binti yake nyuma. Tulisikia neno "nuksi". Na kwa pembe ya jicho tuliona mkono wa mtoto wa Pasua ukiingia mfukoni.

Hapa ilibidi tuseme, kwa sauti ya chini, jambo ambalo tungependa lisemwe kwa sauti ya juu misikitini. Katika hadithi sahihi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume, rehema na amani zimshukie, alizikanusha itikadi kadhaa za zama za ujinga, na mbili kati yake zinahusu ndege. Ya kwanza ni tiyara, neno lililotokana na jina la Kiarabu la ndege: Mwarabu wa kale alikuwa akimshtua ndege kabla ya safari, akiruka kulia husafiri, akiruka kushoto hurudi nyumbani. Ya pili ni hama. Baadhi ya wanazuoni wameifasiri kuwa ni bundi, ambaye watu walidhani akitua juu ya nyumba anatangaza kifo. Wengine wamesema ni ndege waliyemdhania kutoka katika mifupa ya maiti. Yote mawili yalikanushwa kwa tamko moja. Na leo, karne kumi na nne baadaye, bundi akilia juu ya bati la Mwislamu, yupo wa kutafuta jiwe na yupo wa kutafuta mganga. Ni mara chache hupatikana wa kulala.

Babu, ambaye si Mwislamu, aliongeza la kwake: "Huyu anakula panya. Muulizeni mwenye mpunga kama anamtaka au hamtaki." Watoto wakataka kujua kwa nini haoni haya kugeuza kichwa mpaka mgongoni. Macho ya bundi hayazunguki ndani ya tundu zake kama yetu. Ili atazame pembeni hana budi kugeuza shingo, na shingo hiyo ina pingili 14, wakati ya mwanadamu ina saba. Mkono wa mtoto wa Pasua ukatoka mfukoni ili upokee darubini. Hatudai kwamba alitubia papo hapo. Alitazama kwa muda mrefu, akasita kuirudisha mpaka foleni ikaanza kulalamika.

Kisha kamera. Kiswahili kinatumia neno moja kwa mambo mawili: ndege hupigwa jiwe na ndege hupigwa picha. Anayepiga picha naye huvizia, hulenga na hushusha pumzi, lakini mwisho wa yote ndege yuko pale pale. Ibn Umar aliwakuta vijana wa Kikureshi wamemfunga ndege wakimlenga kwa mishale. Walipomwona walitawanyika, naye akawakumbusha kuwa Mtume amemlaani mwenye kukifanya chenye roho kuwa shabaha. Tuliwasimulia watoto kisa hicho wakati kamera ikipita mikononi mwao.

Tunajua kwamba suala la picha za viumbe wenye roho lina khitilafu miongoni mwa wanazuoni. Wapo wanaoona kuwa picha ya kamera ni kivuli kilichozuiliwa, mfano wa sura katika kioo, na si uchoraji uliokatazwa. Wapo wanaoizuia isipokuwa kwa haja. Katika kundi letu kulikuwa na familia iliyoshika kauli ya pili. Walitumia darubini na daftari, na maelezo yao ya hondohondo, tuyaseme kwa haki, yalikuwa bora kuliko picha nyingi za wenzao. Simu katika msitu mzito haina msaada mkubwa: ndege aliye juu, mbingu ikiwa nyeupe nyuma yake, hutoka doa jeusi. Lililotufaa lilikuwa kuiweka simu kwenye kioo cha darubini, mkono ukiegemea mti. Bundi hatukummulika kwa taa ya kamera. Wala hatukuwachezea ndege milio yao iliyorekodiwa ili wajitokeze, desturi ambayo tumeona baadhi ya watalii wakiifanya. Ndege huacha makinda yake na kuja kupigana na adui asiyekuwapo. Kiota kikionekana, mtu hupita.

Kutoka msituni tulitokea kwenye mashamba ya mpunga. Kibo, aliyekuwa wazi tulipoingia, alikwisha jifunika mawingu. Mbayuwayu walikuwa wakipita chini chini juu ya maji, wale ambao kwa majira haya wanaelekea kaskazini kwenda kuzaa Ulaya na Asia, na hatuoni kwamba uwezo wa kiumbe kisichozidi uzito wa barua kuijua njia hiyo ni jambo la kupitwa haraka haraka. Lakini mlinzi wa shamba hakuwa na muda wa mbayuwayu. Alikuwa kijana na debe, pamoja na mtoto wa miaka tisa hivi, na mbele yao kundi la kweleakwelea likiinuka na kutua kama moshi.

"Ninyi mnawapenda ndege kwa sababu hamlimi," alisema yule kijana, na si neno la kupuuzwa. Kweleakwelea mmoja hula nafaka kiasi cha gramu 10 kwa siku. Kundi la milioni moja hula tani 10. Tangu mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, mpunga ndio ada ya shule na ndio kodi ya nyumba kwa wengi wa upande huu. Kulinda mazao ni haki ya mkulima, na hakuna mwanazuoni anayeikataa. Linalotusumbua ni mambo mawili. Sumu inayonyunyizwa kuwaangamiza kweleakwelea humwua pia mwewe na bundi anayewala wakiwa wameathirika, na panya hubaki bila ya askari. Na kazi ya kuamia hupewa watoto, ambao kwa wiki nzima hawaonekani shuleni wala madrasa. Wakulima wanaopanda kwa pamoja, mpunga wao ukaiva kwa pamoja, hugawana hasara na kumaliza mapema. Anayepanda peke yake hulisha ndege wa wilaya nzima.

Yule kijana aliiona manati ikichungulia mfukoni, akaiomba. Akafinyanga donge la tope, akalirusha juu sana, mbali na ndege wenyewe. Kundi zima liliinuka na kuhama. Mtoto wa Pasua akatutazama, kisha akamtazama mama yake. Mama akasema, "Hiyo ya tope, shambani, na kwa ruhusa ya mwenye shamba." Tukaona fatwa hiyo inatosha kwa siku moja.

Daftari lina majina 19. Safari ijayo, inshallah, itakuwa mvua za vuli zitakapokaribia, wakati hondohondo wanapoanza kujifungia, na babu ameahidi kulitazama lile tundu na kutupasha habari. Wazazi wa Moshi na vitongoji vyake wanaopenda kuleta watoto watuandikie kupitia ukurasa huu. Waje na viatu vya kufunika vidole, kwa sababu ya siafu, nguo zisizo na rangi kali, na daftari moja kwa kila mtoto. Tunaondoka mara baada ya Alfajiri, na hatusubiri.